Kosa la Jana

Mtu asiyefoka mimi simwamini. Nakwambia mapema kabisa, ili ukinisikia namsema Bwana Taratibu usije ukadhani alinivunjia heshima au alinitolea maneno. Hakunivunjia, wala hakunitolea. Hilo ndilo lililonitia shaka tangu siku ya kwanza.

Kabla yake tulikuwa na meneja wa mradi tuliyempa jina la Radi, na jina lilimkaa. Alikuwa akishuka kwenye gari, hata mlango hajaufunga, keshaanza. Nani kapanga hizi tofali! Nani kaacha beleshi njiani! Akimpata mwenye kosa, hakuna onyo, hakuna nenda rudi: vua kofia, weka chini, geti lile pale. Nimeona fundi wa siku nyingi akimwaga unga kwa kizingiti kilichopinda kidogo, kizingiti ambacho nyundo na uvumilivu vingekinyoosha kabla ya chai. Sasa mimi ndiye nyapara pale, na mafundi karibu wote nimewaleta mwenyewe. Mmoja wao ni seremala aliyemuoa mdogo wangu. Mimi humwita Shemeji, na saiti nzima ikadaka, mpaka mlinzi wa getini anamwita Shemeji kana kwamba na yeye kamwozesha dada yake.

Mdogo wangu ana watoto wadogo, na wenzake Shemeji nao wana wa kwao. Kwa hiyo chini ya Radi nilijifunza kitu ambacho hakimo kwenye ramani yoyote ya nyumba: kuficha. Ukuta ukipinda, tunaupiga plasta ya haraka kabla gari halijaonekana. Mbao ikikatwa fupi, inazikwa kwenye mchanga. Fundi akiamka na kichwa kizito, namtuma kuhesabu misumari kwenye kona isiyoonekana. Nilikuwa na shabaha moja tu na sikuionea haya: mtu wangu hata mmoja asipotee.

Halafu Radi akahamishwa, tukaletewa huyu Bwana Taratibu.

Alikuja kwa miguu. Meneja mzima, anaingia getini kwa miguu, chakula chake cha mchana kwenye mfuko, anamsalimia mlinzi, anauliza choo kiko wapi. Nilimtazama kwa jicho la pembeni nikasema moyoni, huyu kaliacha gari nyuma ya kona atukute hatujajiandaa. Nikamtuma mtu akachungulie. Akarudi akasema hakuna gari. Nikazidi kuingiwa na wasiwasi, maana mwenye gari unasikia akija.

Tulikuwa tunajenga wodi mpya ya kina mama, chini na ghorofa moja. Zege la sakafu ya juu tulishalimwaga, lakini lilikuwa bado changa, limeshikiliwa kwa chini na mirunda, zile nguzo za miti zinazosimamishwa mpaka zege likomae na kujibeba lenyewe. Bwana Taratibu alizunguka humo kutwa nzima. Anashika ukuta, anainama, anamuuliza fundi anaitwaje, anakaa mbali, ana watoto, kisha anaondoka. Mafundi wakaanza kunifuata mmoja mmoja.

"Nyapara, huyu anatafuta nini?"

"Anatafuta majina," nikawaambia. "Anapanga nani aanze kutoka. Kaeni chonjo."

Kesho yake asubuhi akatukusanya kando ya tangi la maji, wote tumesimama, hata yeye hakujiwekea kiti. Akasema kwa ile sauti yake ambayo lazima uisogelee ndiyo uisikie:

"Kila asubuhi, kabla ya kazi, kila mmoja atatuambia kosa lake la jana. Moja tu. Naanza mimi. Jana niliruhusu milango ya vyoo ikatwe bila kupima mwenyewe. Imekuja, haiingii. Hilo ni langu. Nani anafuata?"

Jamani! Nani anafuata! Hata aliyekuwa akikohoa aliacha kukohoa. Stoo, yule mama mtunza vifaa ambaye tunamwita kwa jina la kazi yake, alikodolea macho viatu vyake. Chuma, fundi wetu wa nondo, mwanaume wa miraba minne, alijibanza nyuma ya mgongo wangu. Mimi damu ilinichemka. Radi alikuwa akikutafuta mpaka akukamate. Huyu anataka ujikamate mwenyewe, ujifunge kamba, umkabidhi na ncha yake. Na ajabu nyingine, hakuwa na kalamu. Mtu wa kuandika unamwona anaandika, unaweza hata kumchungulia begani. Huyu anaweka kichwani!

"Jana hatukukosea, bosi," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatabasamu. "Basi tutaonana kesho."

Jioni hiyo, watu walipokuwa wananawa, nikawaita nyuma ya rundo la kokoto. Nikawaambia, anataka makosa, tutampa makosa. Ila tutampa ya kutunga. Kila asubuhi mimi nitasimama getini na kumgawia kila mmoja la kwake: dogo, la kuchekesha, lisiloweza kumfukuzisha mtu. Kosa la kweli likitokea linakuja kwangu kwanza na linaishia kwangu. Na amri yoyote isiyopita kwangu si amri. Wakakubali bila kusitasita. Wengine walifurahi kupita kiasi, ungedhani nimewapa likizo.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu ya asubuhi. Nasimama getini nagawa.

"Wewe umesahau kulowesha tofali. Wewe umechelewa kurudi kutoka chai. Wewe umepoteza kamba ya kupimia, ukaiona mfukoni mwako mwenyewe. Chuma, wewe umekunja nondo vibaya."

"Mimi? Mimi sijawahi kukunja nondo vibaya tangu nizaliwe."

"Ndiyo maana inaitwa uongo, Chuma."

Tatizo la Chuma ni kwamba ana heshima yake. Akipewa kosa hawezi kulisema kavukavu, lazima alitafutie sababu ya kumwokoa jina. Siku hiyo akamwambia Bwana Taratibu kwamba alikunja nondo vibaya kwa sababu mkewe alimnunia tangu juzi yake, akawa anawaza, mkono ukamponyoka. Bwana Taratibu akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole ya mke, kisha akasema, "Twende ukanionyeshe hiyo nondo."

Hilo hatukulipanga. Chuma alinigeukia macho yamemtoka. Nikadaka mkono wa Bwana Taratibu, nikamwambia kuna pampu inalia sauti nisiyoielewa, nikamsimamisha pale kwenye pampu nikimpigia maneno marefu yasiyo na kichwa wala miguu. Huku nyuma Chuma akatimua mbio, akachukua nondo nzima, nzuri, isiyo na doa, akaikunja ovyo. Haki ya Mungu, aliikunja huku machozi yanamlengalenga.

Tangu siku hiyo ikabidi kila kosa la kutunga litengenezewe ushahidi. Mmoja akisema amekata mbao fupi, mwenzake anatangulia kuikata. Mmoja akisema kamwaga ndoo ya rangi, tunaimwaga kabla jua halijakaa sawa. Tulikuwa tunaharibu vitu vizima ili tuonekane tumekosea! Nyuma ya kokoto tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu jioni nikiwatazama wanavyotoka getini, wote wapo.

Na yeye? Kila kosa alikwenda kuliangalia. Anachuchumaa, anatazama, anasema, "Sawa, asante kwa kusema," anaondoka zake. Hakuna aliyevuliwa kofia. Hakuna hata aliyekaripiwa. Unadhani nilitulia? Nitulie wapi! Mtu anayekusanya makosa ya wenzake kila kukicha na hayatumii, anayaweka ya nini? Nilimwambia mdogo wangu nilipokwenda kwao, "Yule anatunenepesha tu, siku ya kuchinja inakuja." Akasema nimezidi, kuna watu wameumbwa wapole. Nikamuuliza, wewe umeshawahi kuona meneja mpole? Akajibu kwamba yeye hajawahi kuona meneja wa aina yoyote, yeye anashona nguo.

Lakini kilichonikata maini ni jinsi watu wangu walivyoanza kumzoea. Stoo, yule aliyekuwa akiogopa kivuli cha Radi, akaanza kumwekea Bwana Taratibu kikombe chake pembeni. Waashi wakawa wanamtania mwendo wake. Siku moja nikamkuta Shemeji kachuchumaa naye mbele ya mlango wa stoo, wanacheka wawili hao kama wamesoma pamoja. Nikamwita pembeni.

"Mnacheka nini?"

"Bawaba, shem."

"Bawaba inachekesha?"

"Kaifunga yeye mwenyewe, kaigeuza juu chini. Mlango unafungukia ukutani."

"Na wewe ukaamini kaigeuza kwa bahati mbaya?"

Shemeji akanitazama, akajikuna kichwa. "Shem, mtu kafunga bawaba kakosea. Sasa hapo kuna siri gani?"

Nikamwambia siri huwezi kuiona ukiwa umekenua meno. Akarudi kuigeuza ile bawaba. Kuanzia hapo nikaanza kumchunga na yeye. Nilimwangalia anakaa na nani wakati wa chai, anaitwa mara ngapi kule kwenye kile chumba cha mbao alichokuwa akifanyia kazi Bwana Taratibu. Nilijiambia namchunga kwa ajili ya mdogo wangu. Mume akidanganyika na tabasamu, watakaolia ni watoto.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa na mbinu nyingine ambayo sijakusimulia: kila asubuhi nawaficha watu wachache wasije kwenye ule mkutano wa tangini, ili Bwana Taratibu asituzoee wote. Asubuhi hiyo nilimtanguliza Chuma na waashi kadhaa juu ya lile zege la ghorofani, wapandishe tofali za kuta za vyumba. Tofali nyingine zilishapandishwa tangu jana yake, zimepangwa marundo kwa marundo katikati ya sakafu. Nikarudi getini kugawa makosa. Shemeji alipofika nikamwambia, "Wewe umeacha msumeno nje, ukalala kwenye umande." Akaitikia kwa kichwa bila kunitazama usoni. Machale yakanicheza. Nikasema, huyu ana jambo.

Tukakusanyika. Bwana Taratibu akaanza kama kawaida yake.

"Jana nilimjibu Stoo kwa mkato, na kilichoniudhi kilikuwa kitu kingine kabisa. Samahani, mama."

Stoo akainamisha kichwa akitabasamu kwa haya. Mimi nikaguna. Wenzangu wakafuatia: huyu chai, huyu ndoo, huyu kamba. Yakaenda vizuri, kila mtu amelikumbuka la kwake. Ikafika zamu ya Shemeji. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaizungusha.

"Jana niliondoa mirunda chini ya boriti ya kati," akasema. "Ngazi ya nyuma ilitaka kushikiliwa, na stoo mirunda mingine haikuwepo. Nikasema nitairudisha. Sikuirudisha. Leo nimepita chini pale kabla ya kuja hapa. Boriti ina ufa."

Nilimkanyaga mguu. Hakusogea. Nikamkanyaga tena kwa kisigino. Hakusogea. Kichwani mwangu lilikuwa limeandikwa neno moja tu, amenunuliwa. Mtu niliyemtafutia kazi, mume wa damu yangu, kanunuliwa kwa bawaba! Anamkabidhi meneja kosa la kweli, kosa kubwa, la kutosha kumfukuzisha yeye na mimi niliyemsimamia. Nikacheka kwa nguvu.

"Anatania, bosi. Kosa lake si hilo. Kosa lake ni msumeno."

Nimeshasema. Neno likitoka limetoka. Bwana Taratibu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu aingie lile geti hakuwa na tabasamu wala dalili yake. Nikamngojea anifokee. Kwa kweli nilitamani anifokee, ningejua nimesimama wapi.

"Juu kuna nani?" akauliza.

Hakungoja jibu. Alishaanza kwenda, na wote tukamfuata. Akaingia chini ya lile zege, kwenye kiza cha mirunda, na mara akatoka. Mtu ambaye hatujawahi kumwona akiharakisha hata mvua ikimkuta njiani, alitoka mbio. Akainua uso.

"Shukeni! Wote shukeni, sasa hivi!"

Chuma akachungulia kutoka juu, tofali mkononi. "Nyapara anasemaje?"

"Nasema mimi. Shukeni."

"Nyapara hajasema," Chuma akawaambia wenzake, na nikawasikia wakicheka. Mmoja akapaza sauti, "Karibu juu, bosi, upunge upepo!"

Niliwafundisha mimi. Walikuwa wakifanya vilevile nilivyowaambia nyuma ya kokoto, na kuna kipande cha moyo wangu, nikuambie ukweli, kilichovimba kwa raha.

Bwana Taratibu akanijia mpaka akasimama karibu kabisa. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Mimi hawanisikii," akasema. "Wanakusikia wewe. Tafadhali waite."

Ebo! Hapo ndipo nilipoona mtego wote umekaa wazi. Huyu na Shemeji wamekubaliana, nikawaza. Wananijaribu mbele ya watu. Nikiwaita washuke, kisha ufa wenyewe uwe ni mstari wa kalamu, kuanzia leo sauti yangu ni yake na watu wangu ni wake. Nisipowaita, atasema nyapara kakataa amri. Huku na huku nimenaswa. Nikamtazama machoni nitafute uongo ulipo. Sikuuona, na sikuamini kwamba haupo.

"Boriti ina ufa mkubwa kiasi gani?" nikauliza.

"Mkono wangu unaingia," akasema. "Waite."

Nikawa bado nimesimama. Mara kitu kikaanguka karibu na miguu yangu. Ulikuwa mkanda wa Shemeji, wenye nyundo na misumari yake yote. Na Shemeji mwenyewe alikuwa akipanda ile njia ya mbao ya kupandishia toroli ghorofani, anakimbia, anateleza, anashika kwa mikono. Shemeji! Mtu ambaye nyumbani taa ikiungua mke ndiye anayepanda kwenye kiti, kwa sababu yeye akipanda anaona kizunguzungu. Seremala niliyekuwa nikimpa kazi za chini tu, na kumfichia na hilo pia. Niliona mgongo wake ukitokomea juu.

"Chumaaa!" Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Shukeni! Acheni kila kitu, shukeni! Ni mimi nasema!"

Vicheko vikakatika. Nikasikia tofali zikitupwa, viatu vikipiga mbao. Waashi wakateremka ile njia wakisukumana, wa kwanza akiniuliza kuna nini, nikamsukuma apite. Chuma akatokea, akasimama, akageuka kurudi kuchukua mkasi wake wa nondo, ule aliokuwa akilala nao. Shemeji akamkamata ukosi wa shati kwa nyuma akamvuta. Chuma ni mara mbili yake. Sijui alimvuta na nini. Wakaja wote wawili, mmoja akimtukana mwenzake.

Kwanza ulikuwa mlio mdogo, kama mtu anavunja ukuni gotini. Kisha sakafu ikainama katikati, taratibu, na yale marundo ya tofali yakaanza kusogeleana. Kisha ikaenda yote. Vumbi lilitufunika tusionane. Nilikuwa nikiita, sijui nilikuwa nikiita nani. Nikamsikia Bwana Taratibu akiita majina, ya waashi, la Chuma, moja baada ya jingine, yale majina aliyokuwa akiyauliza siku ile ya kwanza, na watu wakiitikia gizani. Alipoita la Shemeji hakuna aliyeitikia. Akaita tena. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye kokoto.

Vumbi lilipopungua tukamwona Chuma anakuja, kambeba Shemeji begani. Ile njia ya mbao ilikuwa imekatika chini yao na Shemeji akaangukia kifundo cha mguu. Alikuwa mzima. Alikuwa akikohoa na kuomba maji. Chuma hakutaka kumtua, hata tulipomwambia atue, mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipofika.

Mchana, watu wamekaa makundi makundi bila la kufanya, nikaenda kwenye kile chumba cha mbao. Sikubisha hodi. Nilitaka tumalize.

"Unamfukuza nani?"

Bwana Taratibu alikuwa amekaa na simu mezani, vumbi bado nyweleni. "Kaa, nyapara."

"Nimesimama vizuri. Unamfukuza nani?"

"Kwa hili la leo, simfukuzi mtu." Akajisugua macho. "Nilijua mnanitungia. Tangu ile nondo ya Chuma. Nilipoishika ilikuwa bado ya moto pale ilipokunjwa."

Nikaisogelea meza yake. "Ulijua, ukanyamaza? Siku zote hizi?"

"Nilidhani mkizoea kusema, hata kama ni uongo, siku moja mtasema kweli. Nilidhani haraka itawatisha. Nimekosea, na makao makuu nimeshawaambia hivyo, kwamba nilijua watu wangu wananiogopa nikaona nisubiri." Akanitazama. "Nilitakiwa nikuite wewe, tukae, nikuulize. Nilikuogopa kidogo."

Nilitaka kumrushia kitu. Kweli kabisa. Meneja mzima ananiogopa mimi! Angekuwa Radi angeshanivua kofia tangu siku ya kwanza na mirunda ingekuwa palepale. Au isingekuwa, maana Radi asingejua kama imetoka, tungemficha. Nikaona mawazo yananipeleka nisikotaka, nikatoka nje bila kuaga. Njia nzima nikawa nayapekua yale maneno yake nitafute mtego uko wapi, neno kwa neno, na kila nikipekua sikuuona, na hasira zikapanda zaidi.

Jioni nikaenda kwa mdogo wangu. Shemeji alikuwa kwenye kochi, mguu una plasta nyeupe mpaka gotini, umewekwa juu ya kigoda, na watoto wameshauchora jua na gari. Mdogo wangu alikuwa jikoni. Nikawaambia watoto wakacheze nje. Nikavuta kiti mpaka mbele yake.

"Alikupa nini?"

"Nani?"

"Usijitie hamnazo. Bwana Taratibu. Alikuahidi nini mpaka ukamwambia yeye, mbele ya watu wote?"

"Hakuniahidi kitu, shem."

"Basi nieleze. Mimi nilikuwa getini asubuhi, uso kwa uso na wewe. Nakupa la msumeno, unaitikia. Mimi, niliyekutafutia kazi! Kosa gani nimewahi kukuachia ukabeba peke yako? Kizunguzungu chako nani alikificha? Mbao zako nani alizizika? Halafu siku la kweli linatokea, unanipita mimi kama nguzo ya umeme, unakwenda kumwambia mtu aliyekuja juzi. Unaniogopa? Huniamini?"

Shemeji alitazama ule mguu wake wenye michoro. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupandisha sauti, na nilijua inasikika jikoni.

"Nakuamini, shem," akasema. "Hakuna mtu ninayemwamini pale kama wewe. Ndiyo maana sikukuambia."

"Nini?"

"Ningekuambia pale getini, ungenificha. Ungesema nyamaza, chukua mirunda, kimbia kairudishe kabla bosi hajafika. Na ningekwenda. Wewe ukiniambia kitu mimi huwa nakwenda." Akausogeza mguu juu ya kigoda. "Ningekuwa chini ya ile boriti, shem, nagonga mirunda kwa nyundo. Peke yangu. Na hakuna ambaye angejua niko humo isipokuwa wewe."

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sahani mkononi, amesikia yote. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.